Milango ya kadi, kidole na uso katika majengo ya biashara Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wenye majengo, mameneja wa ofisi na wasimamizi wa maghala wa Mwanza mjini, Ilemela na ukanda wa ziwa kwa jumla. Anayejibu ni mtu anayefunga mifumo hii na kuitwa tena kuitengeneza, ndiyo maana majibu yanaegemea zaidi siku mbaya: umeme umekatika, radi inapiga, fundi hapokei simu. Siku ya uzinduzi kila mfumo unafanya kazi.

Mfumo wa kudhibiti milango ni nini, na una tofauti gani na kamera?

Kamera inakuonyesha nani aliingia. Mfumo huu unaamua nani aingie, mlango upi, saa ngapi, kisha unaandika kumbukumbu. Una kisomaji ukutani (cha kadi, kidole, uso au namba), kitasa kinachotumia umeme, kontrola inayotoa amri, na programu ya kompyuta au simu ya kusajili watu. Na betri, ambayo kwenye nukuu nyingi za bei huandikwa mstari wa mwisho kama vile ni zawadi.

Nina mlinzi na kufuli nzuri. Nahitaji haya yote kweli?

Huenda huhitaji. Duka la fremu moja pale Mlango Mmoja, linalofunguliwa na kufungwa na mwenyewe, linatosha kwa grili na kufuli mbili. Faida inaanza pale wenye funguo wanapokuwa wengi kiasi kwamba huwezi kuwataja kwa majina bila kusita. Ufunguo ukipotea unabadilisha kitasa na kuchongesha funguo za watu wote. Kadi ikipotea unaifuta na maisha yanaendelea.

Mlinzi usimwondoe. Mashine haimwoni mtu aliyeingia akimfuata mwenzake mgongoni kabla mlango haujajifunga, na hilo ndilo linalotokea kila asubuhi saa mbili kwenye ngazi za mjini.

Sawa, nimeamua. Ninunue kifaa gani?

Tuanze na mlango, kifaa kitafuata. Chukua jengo la kawaida la ghorofa nne mjini kati. Chini kuna fremu za maduka, juu ofisi za wanasheria, kliniki ya meno, wakala wa mizigo. Watu wote wanafikiria lango la ngazi. Kaa na karatasi uzunguke: kuna mlango wa nyuma unaotokea uchochoroni lilipo jenereta, chumba cha mita, mlango wa paa unaoelekea kwenye matanki ya maji na minara ya simu (mafundi wa minara wanapanda huko hata usiku), na pengine dirisha la choo cha chini ambalo mtoto wa miaka kumi anapita. Kuweka kisomaji cha uso cha mamilioni langoni huku mlango wa uchochoroni umefungwa kwa waya ni kuchoma hela.

Halafu ukague kila mlango wenyewe. Simama mbele ya mlango wa alminiamu na kioo, ufungue mpaka mwisho, uuachie. Mara nyingi utarudi taratibu, utafika karibu na fremu na kusimama ukiwa umebakiza nafasi ya kupitisha kidole, kwa sababu bawaba ya juu imelegea na kona ya chini inakwaruza vigae. Tazama sakafuni, kuna alama nyeupe ya nusu duara. Wanaoutumia wamezoea kuumalizia kwa goti. Ukifunga kitasa cha sumaku hapo, zile kilo 280 zilizoandikwa kwenye boksi hutazipata, kwa maana nguvu hiyo ipo pale tu bati lililofungwa mlangoni linapolala bapa juu ya sumaku. Likipinda kidogo au pakabaki upenyo, kijana mmoja ataufungua kwa bega. Fundi wa alminiamu aje kwanza, abadilishe bawaba, aweke mkono wa kuurudisha mlango ulio imara. Fundi wa umeme aje baada yake.

Kadi, namba ya siri, kidole au uso: kipi bora?

Inategemea mikono na tabia za watu wako.

Namba ya siri ni rahisi, na ndiyo dhaifu zaidi. Baada ya miezi kadhaa vitufe vinne vimechakaa kuliko vingine, na mfanyakazi wa usafi, muuza chai na shemeji wa meneja wote wanaijua. Iweke kama nyongeza ya kadi kwenye chumba nyeti, kwa mfano cha seva au cha fedha. Mlango mkuu usiuachie namba peke yake.

Kadi ni ya haraka, haihitaji mtu avue glovu, na hailalamiki juu ya jasho. Kasoro yake ni kwamba watu huazimana.

Kidole kinapendwa Mwanza kwa sababu ya bei, na ofisini kinafaa kabisa. Shida inaanza kwenye kazi za mikono. Anayekata minofu ya sangara siku nzima ana vidole vilivyolowa na kujikunja. Fundi mwashi na mpakia saruji mistari ya vidole vyao imesagika. Utawaona asubuhi wakipangusa kidole kwenye suruali, wakijaribu mara tatu, foleni ikirefuka, mpaka mlinzi achoke na kuweka jiwe mlangoni. Ukilazimika kutumia kidole mahali kama hapo, sajili angalau vidole viwili kwa kila mtu, vya mikono tofauti, na uwe na kadi ya akiba kwa wale ambao mashine imewakataa kabisa. Wapo katika kila kundi kubwa.

Uso umeenea sana tangu 2020, janga la korona lilipowafanya watu waogope kugusa vitu. Ni mzuri, mradi mwanga uwe upande wako. Kisomaji kinachotazama magharibi kuelekea ziwani kitapigwa na jua la saa kumi na moja jioni, saa ileile ambayo watu wanatoka na zamu nyingine inaingia. Weka kibanda kidogo juu yake au kigeuze. Na usinunue kinachodanganywa na picha ya simu: siku ya kujaribu, mwombe muuzaji asajili uso wako, kisha ukionyeshe kisomaji picha yako kwenye simu. Kikifungua, umeshapata jibu.

Ni kweli kadi zinanakiliwa?

Ndiyo, na zinazonakiliwa kirahisi kuliko zote ndizo zilizojaa mitaani. Kadi za masafa ya kilohezi 125 hutangaza namba yake kwa kifaa chochote kitakachoiuliza, bila siri yoyote. Kifaa cha kuzinakili kinauzwa bei ya chakula cha mchana cha watu wachache, na kazi yenyewe inachukua sekunde.

Kadi za megahezi 13.56 ni kizazi kingine, lakini hapo nako uwe macho. MIFARE Classic, iliyosambaa duniani kote, ilivunjwa mwaka 2008 na watafiti wa chuo kikuu cha Radboud kilichoko Nijmegen, Uholanzi, na bado inauzwa kama kadi “salama”. Ukitaka kadi ya kutegemea, dai MIFARE DESFire au nyingine inayotumia usimbaji wa AES (njia ya kuficha data kwa ufunguo wa siri), na uhakikishe kisomaji kinasoma ile sehemu iliyosimbwa. Vingi husoma namba ya nje tu kwa sababu fundi hakuingia kwenye mipangilio. Hapo umelipia kadi ghali ukapata usalama wa ile ya bei rahisi.

Je, kila jengo linahitaji DESFire? Hapana. Lango la ngazi la ofisi za kawaida linaweza kuishi na kadi nyepesi, ilimradi mlango wa kila ofisi una kitasa chake. Benki, duka la kubadilisha fedha, stoo ya dawa na chumba cha seva ni habari nyingine.

Nimeona mashine moja inayokaa nje ya mlango, ina kila kitu ndani yake, na ni bei poa. Tatizo liko wapi?

Liko kwenye “kila kitu ndani yake”. Amri ya kufungua mlango inatolewa na rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme), na kwenye mashine hizo rilei iko ndani ya kile kile kisanduku kilichoning’inia nje, upande wa mwizi. Mtu mwenye bisibisi akikibandua ukutani anakutana na nyaya za kitasa, na kuanzia hapo hahitaji kidole cha mtu.

Mlango wa ofisi ndani ya korido inayolindwa, mashine hiyo inatosha. Mlango unaotazama barabara au uchochoro, kontrola ikae ndani, chumbani, kwenye boksi lenye kufuli, na nje kibaki kisomaji peke yake. Kama umeshainunua, zipo rilei ndogo za nyongeza zinazowekwa upande wa ndani na kuwasiliana na mashine kwa ujumbe uliosimbwa. Kung’oa kilichoko nje hakutamsaidia mtu.

Kuhusu waya kati ya kisomaji na kontrola: mtindo wa zamani unaitwa Wiegand, na hupeleka namba ya kadi wazi wazi, anayeweza kugusa nyaya anaweza kuisoma. Mpya ni OSDP, unaopita kwenye nyaya za RS-485, unaweza kusimba mawasiliano na hufika hadi mita 1,200 hivi, wakati Wiegand huishia karibu mita 150. Kwa eneo la kiwanda lenye geti mbali na ofisi, tofauti hiyo peke yake inaamua.

Kitasa cha sumaku au kitasa cha umeme cha ulimi?

Cha sumaku hushika kwa sababu umeme upo. Umeme ukiondoka, kinaachia. Hakuna namna ya kukifanya kibaki kimefunga. Hakina sehemu zinazosuguana, kinadumu, na kinafaa mlango wa kioo. Cha ulimi kinaweza kununuliwa cha aina mbili, kinachoachia umeme ukikatika na kinachobaki kimefunga. Hicho cha pili ndicho cha stoo na chumba cha fedha, kwa sharti kwamba aliye ndani anatoka kwa kuminya mpini wa kawaida bila kuomba ruhusa ya mashine yoyote.

Mchanganyiko ninaoupendelea kwa jengo la ofisi: sumaku kwenye milango mikubwa inayopitisha watu wengi, kitasa cha ulimi kinachobaki kimefunga kwenye vyumba vya thamani, na kwenye mlango wa uchochoroni sumaku pamoja na komeo la kawaida ambalo mlinzi analifunga kwa mkono jengo likishabaki tupu.

Moto ukitokea, watu watatokaje?

Hapa sina mzaha, na mteja asiyetaka kulipia sehemu hii namwachia kazi yake.

Kila mlango wenye sumaku ambao watu hupitia kutoka uwe na vitu vitatu upande wa ndani. Kitufe cha kawaida cha kutokea. Kiboksi cha kijani cha dharura ambacho ukikibonyeza kinakata umeme wa kitasa moja kwa moja, bila kupitia kontrola wala programu. Kompyuta ikiwa imeganda, mlango ufunguke tu. Na muunganiko na mfumo wa kengele ya moto, ili kengele ikilia milango yote ya kutokea iachie yenyewe. Kama jengo halina kengele ya moto, anza nayo hiyo. Watu wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wakija kukagua wataangalia njia za kutokea, na simu yao ya dharura ni 114. Ibandike karibu na kila kiboksi cha kijani.

Kuna mtindo wa kuweka kisomaji pande zote mbili, kuingia kadi na kutoka kadi, ili kupata kumbukumbu kamili. Inakubalika, lakini kiboksi cha kijani kibaki pale pale, na kisizibwe na kabati la mafaili kama ninavyokikuta mara nyingi.

Umeme unakatika. Milango itakuwaje?

Swali hili lilipaswa kuulizwa la kwanza. Huwa linaulizwa baada ya usiku wa kwanza wa giza.

Tupige hesabu. Kitasa cha sumaku cha kilo 280 hula takriban ampea 0.5 kwa volti 12, muda wote kinapokuwa kimefunga. Kontrola na visomaji viwili, weka ampea 0.3. Jumla 0.8. Betri inayokuja ndani ya boksi kwa kawaida ni ya volti 12, ampea-saa 7. Gawanya 7 kwa 0.8: saa nane na dakika arobaini na kitu, kwenye karatasi. Betri ya miaka miwili iliyokaa kwenye boksi la bati juu ya dari lenye joto itakupa nusu ya hapo ukibahatika. Ongeza sumaku ya pili kwenye chanzo hichohicho na hata karatasi inashuka hadi saa tano na ushee. Umeme ukikatika Ijumaa jioni, kabla jogoo hajawika mlango uko wazi, na hakuna kengele iliyolia.

Na si lazima TANESCO wakate. Kwenye majengo yenye wapangaji wengi, LUKU ya ngazi na korido huwa haina mwenyewe. Inaisha Jumamosi, mpangaji wa juu anasema ni zamu ya wa chini, na mfumo wa milango umefungwa kwenye mita hiyo hiyo. Uhamishie kwenye mita ambayo kuna mtu mmoja anayewajibika kuijaza, na uweke ujumbe wa simu unaomfikia huyo mtu mara umeme mkuu unapoondoka.

Betri chukua ya ampea-saa 18 au zaidi kwa mlango wenye sumaku, na chaja yenye uwezo wa kuijaza huku ikiendesha mzigo. Chaja iwe na kinga ya kukata kabla betri haijaisha kabisa, maana betri ya risasi ikikaushwa mara kadhaa imekufa. Andika tarehe ya kufungwa kwenye ubavu wa betri kwa kalamu ya wino mzito. Ikifika miaka mitatu, ipime kwa kukata umeme makusudi mchana watu wakiwepo. Jenereta hesabu kama msaada wa mchana tu; usiku wengi wanalizima ili kuokoa dizeli.

Waya nao unameza volti. Sumaku ya ampea 0.5 iliyo mita 50 kutoka kwenye chanzo, kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5, inapoteza karibu volti 1.75 njiani, kwa hiyo inapokea volti 10 na kidogo na kushika kinyonge. Kwa waya wa 1.5 hasara inashuka hadi karibu volti 0.6. Na iwe shaba kweli. Zipo nyaya za alminiamu iliyopakwa rangi ya shaba. Kwaruza ncha kwa kisu, ukiona weupe ndani rudisha dukani.

Radi za huku ziwani zinaunguza mashine. Kuna kinga?

Ipo, lakini Mwanza inadai kazi ya ziada. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi Afrika, hasa usiku juu ya maji, na mji wetu umekaa juu ya mawe. Jiwe la graniti halipitishi umeme vizuri, na fito ya athi (chuma kinachopeleka umeme wa radi ardhini) haiingii. Kinachofanyika mara nyingi ni hiki: fundi anagonga fito Isamilo au Capri Point, inagota jiwe baada ya sentimita arobaini, anaikata kwa msumeno, anafukia kipande kilichobaki. Ukipita unaona kichwa cha fito kimechomoza vizuri, na waya wa kijani na njano umefungwa juu yake kwa nadhifu kabisa. Chini hakuna kitu.

Penye jiwe, athi hulazwa badala ya kusimamishwa: mtaro mrefu kwenye udongo uliopo, waya wa shaba mtupu au utepe wa shaba ndani yake, fito fupi kadhaa zilizounganishwa, udongo wa bentoniti wa kushika unyevu. Halafu ipimwe kwa mita ya athi mbele yako. Kwa kinga ya radi lengo la kawaida ni ukinzani wa omu 10 kushuka chini. Ipimwe kiangazi, Julai au Agosti, ardhi ikiwa kavu. Majibu ya Aprili wakati wa masika yatakufurahisha bure.

Baada ya athi ndipo vizuizi vya mshtuko wa umeme vina maana: kimoja kwenye umeme mkuu, vingine kwenye nyaya ndefu za mawasiliano. Kati ya jengo na jengo, au jengo na geti la mbali, tumia faiba, yaani waya wa nyuzi za kioo. Kioo hakisafirishi radi.

Unyevu wa ziwa unaharibu vifaa?

Kidogo kuliko watu wanavyodhani. Ziwa letu ni la maji baridi, hatuna ile chumvi inayokula vyuma Tanga na Dar es Salaam. Kinachosumbua ni vumbi la kiangazi, mvua ya upepo, na wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi na kufuata taa. Kisomaji chenye kioo kinachowaka usiku kinawavutia; asubuhi matundu ya spika yamejaa maiti zao. Chukua chenye kiwango cha IP65 (kinachozuia vumbi na maji ya kurushwa) kwenda juu, punguza mwanga wa kioo usiku, na ziba kwa silikoni tundu la waya nyuma yake.

Kama jengo liko ufukweni, kontrola na betri viwekwe juu. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalifikia kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, na waliokuwa wameweka vifaa vyao karibu na sakafu wanajua kilichofuata.

Kiwanda cha samaki au ghala la baridi lina mahitaji gani ya pekee?

Mpaka kati ya eneo la kupokea samaki na eneo la minofu ni wa usafi kabla ya kuwa wa usalama, na mfumo unaweza kusaidia kuulinda: kadi ya mpakiaji wa nje isifungue mlango wa minofu, nukta. Kwa watu wenye glovu, barakoa na kofia, kadi iliyofungwa kwenye mkanda wa mkono au kiunoni inashinda kidole na uso vyote.

Chumba cha kugandisha kisitegemee umeme kumtoa mtu. Mpini wa ndani ufungue kwa nguvu ya mkono tu, uwe na alama inayong’aa gizani, na kuwe na kengele ya aliyekwama. Kisomaji kikae nje ya baridi, kwa sababu vingi havikutengenezwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri.

Wapangaji ni wengi. Nani awe na mamlaka ya kusajili kadi?

Mwenye jengo asimamie milango ya pamoja, kila mpangaji asimamie mlango wake. Tafuta programu inayoruhusu mgawanyo huo; za bei ya chini nyingi zina msimamizi mmoja tu anayeona kila kitu, na mwanasheria wa ghorofa ya tatu hatafurahi kujua kwamba mlinzi anaona wateja wake walikuja saa ngapi. Kwenye mkataba wa pango andika kwamba mpangaji anayehama anarudisha kadi zote, na kwamba kadi zinafutwa siku hiyo hiyo zirudishwe zisirudishwe.

Seva yangu mwenyewe au ya mtandaoni?

Ya mtandaoni ni raha kwa mwenye majengo mawili, moja Mwanza na jingine Bukoba. Uliza swali moja tu: intaneti ikikatika wiki nzima, kadi zitaendelea kufungua? Kontrola nzuri hutunza orodha ya watu ndani yake na kupeleka kumbukumbu baadaye. Uliza pia ada ya kila mwaka ukiacha kuilipa nini kinazimika.

Sheria inasemaje kuhusu kuchukua alama za vidole na nyuso za watu?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Alama za vidole na sura zinahesabiwa kuwa taarifa nyeti. Kwa kawaida unahitaji idhini ya maandishi ya mhusika kabla ya kuzichukua, na mkusanyaji wa taarifa anatakiwa kujisajili kwenye Tume. Weka fomu ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida: tunachukua nini, kwa kazi gani, kitakaa muda gani, nani ataona. Mtu akiacha kazi, futa kidole chake kwenye mashine zote. Na asiyetaka kutoa kidole mpe kadi. Ni rahisi kuliko kubishana naye.

Hapohapo, achana na ule utaratibu wa mlinzi kushikilia kitambulisho cha NIDA cha mgeni kwenye droo. Mpe mgeni kadi ya muda inayojizima yenyewe jioni, na jina lake liandikwe bila kitambulisho kubaki getini.

Naweza kutumia mfumo huo kwa mahudhurio na mishahara?

Unaweza, na kusainiana kutapungua sana. Lakini mlango na mahudhurio ni kazi mbili. Mlango mmoja ukifunguliwa wakaingia watu sita, mashine imemwona mmoja. Kwa mishahara weka mashine ya pembeni ambayo kila mmoja anasimama mbele yake.

Mbona nukuu za bei zinapishana mara tatu?

Kwa sababu hazizungumzii kitu kimoja. Moja ina mashine na sumaku. Nyingine ina betri kubwa, chaja, waya wa shaba, viboksi vya kijani, kinga ya radi, kurekebisha milango na mafunzo. Wape wote orodha moja ya milango uliyoandika ulipozunguka jengo, wajaze bei mlango kwa mlango, VAT ikionekana. Asiyekuja kuona jengo kabla ya kutoa bei mwondoe mapema. Kazi ya umeme ifanywe na mwenye leseni ya EWURA.

Uliza vipuri viko wapi. Vingi vinatoka Kariakoo na vinasafiri na basi, kwa hiyo kifaa kikifa Jumamosi mlango unaweza kukaa wazi hadi Jumatatu au Jumanne. Kisomaji kimoja na chaja moja za akiba, zikiwa kabatini kwako, zinamaliza tatizo hilo.

Siku ya makabidhiano nikague nini kabla ya kumalizia malipo?

Kata umeme mkuu mwenyewe na uache hivyo kwa muda wa saa nne, ukitembelea kila mlango. Bonyeza kila kiboksi cha kijani. Lizisha kengele ya moto uone milango ikiachia. Chomoa waya wa intaneti, ujaribu kadi. Sajili kadi mpya, kisha ifute, bila fundi kugusa kompyuta. Akilazimika kukusaidia, mafunzo hayajaisha.

Dai nywila ya msimamizi mkuu kwa maandishi na uibadilishe papo hapo. Mashine nyingi hutoka kiwandani na nywila inayojulikana na kila fundi, na wapo mafundi wanaokaa na nywila hiyo ili uendelee kuwahitaji. Dai mchoro wa nyaya, hata wa kalamu, unaoonyesha kila waya unapita wapi, pamoja na risiti ya EFD na karatasi ya waranti yenye tarehe. Sehemu ya mwisho ya malipo iachie kwa mwezi mmoja, na kama kazi imefanyika Septemba, omba ikae hadi mvua za vuli zimepiga angalau mara moja. Fundi anayejua athi yake iko sawa hatakataa.